Olchani: Neno Moja la Mti na la Dawa Katika Nchi ya Meru

Mtu akitaka kujua jinsi watu wanavyoiona dunia yao, na aanze kwa kuuliza majina ya vitu. Katika Kimaasai, ambacho ndicho pia lugha ya Waarusha wakaao magharibi na kusini ya Mlima Meru, mti huitwa olchani, na wingi wake ni ilkeek. Lakini ukimwuliza mzee wa Kiarusha dawa huitwaje, atakujibu neno lile lile, olchani. Kwake yeye si maneno mawili yaliyofanana kwa bahati, bali ni neno moja. Kiswahili hakikufanya hivyo. Sisi tulipokea neno dawa kutoka kwa Waarabu, ndipo tukalazimika kusema “dawa ya miti shamba” ili kueleza jambo ambalo Mwarusha alikwisha kulisema kwa neno moja tu.

Hata hivyo Kiswahili nacho kina ushahidi wake. Mswaki ni jina la mti, nao ndio Wamaasai wauitao oremit. Tena mswaki ni jina la kile kijiti cha kusugulia meno. Leo mtoto wa mjini Arusha husema mswaki akiwa ameshika kitu cha plastiki, wala hajui kwamba ametaja mti. Vivyo hivyo mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi, ulipewa jina kwa idadi ya maradhi ambayo watu waliamini kwamba huyaponya. Majina hudumu hata vitu vikiisha kusahauliwa.

Katika makala hii twataka kueleza habari za miti iliyotumiwa nyumbani, siku kwa siku, na watu wa mlima huu. Hatusemi juu ya uganga wa ramli wala wa hirizi. Twasema juu ya mambo aliyoyafanya mama jikoni na baba zizini pasipo kumwita mtu yeyote. Kuchanganya mambo haya mawili kumeleta hasara kubwa, kama tutakavyoonyesha.

Kwanza yafaa tukumbuke wenyeji. Wameru, wasemao lugha ya Kibantu, walikuwa wa kwanza kulima katika miteremko ya kusini-mashariki. Waarusha walikuja baadaye, katika miaka ya 1830, wakitoka Arusha Chini, wakakaa upande wa kusini-magharibi. Mlima wenyewe una urefu wa zaidi ya mita 4,500. Juu kuna msitu wa mvua na baridi, katikati migomba, na chini nyika kavu ya miiba. Kwa hiyo nyumba moja iliweza kupata miti ya nchi tatu kwa mwendo wa siku moja.

Katika msitu wa juu hupatikana osokonoi, ambao gome lake ni kali kama pilipili, nalo hutafunwa au kuchemshwa kwa ajili ya kikohozi na mafua. Huko huko hupatikana oloirien, yaani mzeituni wa mwitu. Kijiti chake kinachowaka husugulia ndani ya kibuyu, ili maziwa yasiharibike upesi na yapate harufu nzuri. Katika nyika ya chini hupatikana olkiloriti, mti wa miiba ambao gome lake hutiwa katika supu ya nyama, nao husemwa kwamba humpa mtu nguvu na kumsaidia tumbo. Huko pia kuna oremit tuliokwisha kuutaja, na olmukutan, ambao gome lake ni dawa ya minyoo. Wataalamu wa mimea huuita mti huu Albizia anthelmintica, na hilo jina la pili lina maana ya kufukuza minyoo. Basi ni dhahiri kwamba waliompa jina waliwasikiliza wenyeji kwanza.

Msomaji ataona kwamba karibu kila dawa tuliyoitaja huingia mwilini pamoja na chakula, yaani supu, maziwa au chai. Mmaasai hali nyama nyingi pasipo gome ndani ya supu yake. Mama aliyejifungua hupewa mchuzi wa miti, na kwa majirani zetu wa migombani hupewa mtori. Mtu hakungoja augue. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, na hao waliitia kinga ndani ya chungu.

Sasa tuangalie jinsi mambo yalivyogeuka. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, na Wadachi wakaja kulipiza kisasi kwa vita vikali. Boma la Arusha likajengwa kufikia mwaka 1900. Misioni ikarudi, ikaanzishwa Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Pamoja na kanisa ikaja shule, na pamoja na shule ikaja dawa ya chupa. Hatuna haki ya kuidharau dawa ile, kwa maana iliokoa watu wengi. Lakini walimu wengi, weupe kwa weusi, hawakupambanua kati ya gome la osokonoi na hirizi. Yote yaliitwa mambo ya giza. Baadaye serikali ya Waingereza ilipotunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, watu wakazidi kuogopa, wakawa wanayaficha hata yale yasiyo na uchawi wo wote.

Sisi wenyewe, tulipokuwa wanafunzi katika shule moja ya misioni, tuliona haya kutafuna gome mbele ya wenzetu. Bibi yetu alitufungia vipande vyake katika kitambaa, nasi tukavitupa njiani kabla ya kufika shuleni. Hakuna aliyetuamuru kuvitupa. Aibu ilitosha.

Jambo la pili lilikuwa ardhi. Wadachi, na baada yao Waingereza, waliwapa walowezi mashamba yaliyozunguka mlima kama mshipi, na msitu wa juu ukafanywa hifadhi ya serikali. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki. Kirilo Japhet akapeleka kesi yao mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Watu hukumbuka nyumba na mifugo iliyopotea. Lakini aliyeondolewa katika nyika aliondolewa pia katika vichaka alivyovijua kwa majina. Tena mwaka 1960 ilianzishwa hifadhi ya wanyama katika kreta ya Ngurdoto, ambayo tangu mwaka 1967 huitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na humo hairuhusiwi mtu kukata gome. Hatusemi kwamba hifadhi ni kosa, maana pasipo hiyo huenda msitu ungalikwisha. Twasema tu kwamba mlango wa duka la dawa la mababu ulifungwa, nao waliolijua duka lile wanazidi kufa.

Basi maarifa yakikatika, watu hufanyaje? Huenda huku na huko. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alitoa kikombe cha dawa katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Maelfu na maelfu ya watu walikwenda, na magari yakapanga foleni ndefu porini. Dawa ile ilitokana na mti wa mugariga. Nao si mti mgeni: Wamaasai huuita olamuriaki, na watoto wachungaji hula matunda yake. Mti wa nyumbani ulikuwa umesahauliwa kiasi kwamba uliporudi, ulirudi kama muujiza wa kuponya maradhi yote. Ilibidi madaktari wawaonye wagonjwa wasiache dawa zao za hospitali. Lau watu wangalijua tangu utotoni mti ule ni nini na si nini, wasingaliutarajia kufanya yale usiyoweza.

Tena mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, wengi walijifukiza kwa majani ya mchaichai, mwarobaini na mkaratusi. Mkaratusi ulitoka Australia, na mwarobaini Bara Hindi. Hivyo twajifunza kwamba dawa ya nyumbani haikusimama mahali pamoja, bali hupokea wageni. Lakini mvuke wa kufungua pua ni jambo moja, na kuponya mapafu yaliyougua ni jambo jingine.

Hapa hatuna budi kusema jambo linalotuuma. Shangazi yetu alikohoa kwa miezi mitatu, naye alijitibu kwa osokonoi, na kila jioni kikohozi kilipungua kidogo. Kule kupungua ndiko kulikomdanganya. Alipofikishwa hospitali alionekana ana kifua kikuu. Alimeza dawa miezi sita, akapona. Lakini mjukuu aliyelala naye chumba kimoja alikuwa amekwisha kuambukizwa, naye akaanza matibabu. Sisi tulikuwa tumesoma, na tulijua kwamba kikohozi kisichokoma kwa wiki mbili chataka kupimwa. Hatukusema, kwa kuwa tulikuwa tumeyaacha mambo ya miti kwa wazee, kana kwamba hayatuhusu. Gome halikukosa, lilifanya kazi yake ya kutuliza koo. Tuliokosa ni sisi tuliokuwa na elimu mbili tusiziweke pamoja.

Kuziweka pamoja kunawezekana. Dawa ya mseto ya malaria, iliyoanza kutumiwa nchini kote mwaka 2006, ina asili katika jani la Kichina, na Tu Youyou aliyelichunguza alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Jani hilo limelimwa hata huku Arusha. Lakini Shirika la Afya Duniani halishauri kunywa chai yake badala ya vidonge, kwa sababu kipimo cha chai hakijulikani. Mzee wa olmukutan angalielewa hoja hiyo upesi, maana yeye mwenyewe alipima gome lake kwa uangalifu, akijua kwamba likizidi humdhuru mnywaji.

Bibi yetu alikuwa na sheria moja. Alikata gome upande mmoja tu wa mti, kisha hakuurudia mti ule mpaka jeraha lizibe. Leo wauzaji wa masoko ya Arusha huletewa magome yaliyochunwa mti mzima kuuzunguka, na mti uliochunwa hivyo hufa. Neno dawa halimfundishi mtu jambo hili. Kwa maana dawa yaweza kununuliwa na kwisha. Neno olchani lafundisha, kwa kuwa aliuaye mti ameua dawa.

Pale Ngaramtoni, karibu na mji wa Arusha, kuna hazina ya taifa ya mimea iliyokaushwa, ambamo kila tawi limeandikwa jina lake la kitaalamu. Twawasihi walimu wenzetu wawatume wanafunzi kwa bibi na babu zao, waandike jina la kila mti kwa Kimeru na kwa Kimaasai, mahali uotapo, kazi yake, kipimo chake, na siku ya kuuacha na kwenda hospitali. Kazi hii yataka daftari, kalamu na heshima. Sisi tumekwisha kuianza, na jina la kwanza katika daftari letu ni osokonoi.