Bustani za Kilwa na Miti ya Lindi

Mgeni afikaye Kilwa au Lindi na kuuliza ilipo bustani ya mimea hataoneshwa lango, wala njia zilizofagiwa, wala mti wenye kibao cha jina. Bustani za namna hiyo zi mbali: moja iko Dar es Salaam, nayo ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, nyingine iko Amani, katika milima ya Usambara, nayo ilianzishwa mwaka 1902. Kwa sababu hii yasemwa mara nyingi kuwa pwani ya kusini ina magofu tu. Msemo huo waidhulumu historia. Pwani hii ilikuwa na bustani tangu kale, na habari za mimea yake zatuuliza swali moja: mmea hupandwa, au hukatwa, kwa faida ya nani?

Tuanze na Kilwa Kisiwani. Mwaka 1505 Wareno, wakiongozwa na Francisco d'Almeida, waliuteka mji huo na kuupora. Mmoja katika msafara ule aliandika aliyoyaona. Licha ya majumba, aliona michungwa, milimau, mboga, vitunguu vidogo na majani ya kunukia, yote katika bustani zilizonyweshwa kwa maji ya visima. Aliona mitambuu iliyotambaa juu ya vijiti ilivyochomekewa, na pamba njema iliyositawi kisiwani. Lakini asema pia kuwa watumwa walikuwa wengi, nao ndio waliolima mashamba. Basi tukiusifu uzuri wa bustani zile, haki yatutaka tuikumbuke na mikono iliyolima, ambayo majina ya wenyewe hayakuandikwa.

Miaka 400 baadaye pamba yatajwa tena katika habari za Kilwa, lakini kwa sura nyingine. Bustani ya Dar es Salaam haikuwa mahali pa kupunga upepo tu; ilikuwa mahali pa kujaribia mimea ya kuleta faida katika biashara ya wakoloni. Serikali ya Kijerumani ikawalazimisha watu wa kusini kulima pamba, na ujira wake ulikuwa haba mno. Mwezi wa Julai, 1905, watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, bara ya Kilwa, waliing'oa pamba shambani. Kitendo hicho ndicho kilichofungua Vita vya Maji Maji. Mmea ule ule uliokuwa pambo la kisiwa mwaka 1505 ulikuwa umegeuka nira, na waliouchukia hawakuuchukia kwa majani yake.

Bustani nyingine ya pwani hii ni misitu yake, ambayo haikupandwa na mtu. Baina ya mwaka 1930 na 1935 Mjerumani H. J. Schlieben alikusanya mimea katika Tanganyika, na katika nchi ya Lindi alipata mti wa miiba wenye maua mekundu sana, ambao wataalamu wameuita Erythrina schliebenii kwa jina lake. Mwaka 1998 mti huo uliandikwa kuwa umetoweka duniani. Mwaka 2001 ukaonekana tena katika msitu wa Kilwa; na mwaka 2008 sehemu ya msitu huo ikafyekwa ili lipatikane shamba la mimea ya kutengenezea mafuta ya mitambo. Ikadhaniwa kuwa umepotea mara ya pili, hata wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoukuta ukali hai mwaka 2011.

Wataalamu hao waliukuta na mti mwingine wa nadra, Karomia gigas, nao wauweka katika ukoo mmoja na mrehani, jani lile la kunukia lililozoeleka nyuani mwetu. Mti huu ulijulikana kwanza katika pwani ya Kenya, na huko ulikatwa. Mwaka 1993 ulionekana katika msitu wa Mitundumbea, Kilwa. Na ilipofika 2011 ilipatikana miti michache tu. Mwaka 2018 mbegu zake zilipelekwa katika bustani ya mimea ya Missouri, mjini St. Louis, Marekani, nazo zikaota. Tendo hilo ni jema, na wenye kulitenda wastahili shukrani. Hata hivyo lapasa kututia haya kidogo, kwa kuwa mwanafunzi wa St. Louis aweza kuuona mti wa Kilwa kwa urahisi kuliko mwanafunzi wa Kilwa.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Yakatiwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004. Yakatengenezwa, na mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo. Ukuta ulioanguka waweza kujengwa upya kwa mawe na chokaa. Ukoo wa mti ukikoma hauna fundi. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia aendaye Kilwa asirudi na michoro ya misikiti peke yake. Awaulize wazee majina ya miti na kazi zake, ayaandike kwa Kiswahili na kwa lugha za huko, kisha auombe mji umpe kiwanja karibu na shule ili mbegu za misitu yake zioteshwe nyumbani kwao.