Mwendo Mfupi wa Siku ya Kwanza

Puge ni mahali katika Nzega, mkoa wa Tabora, nchi ya Wanyamwezi, wapagazi mashuhuri wa karne ya 19 waliochukua pembe mpaka pwani. Misafara ilikuwa na desturi ya hekima: siku ya kwanza mwendo mfupi, kisha kambi. Miili hutangulia kuzoea, ndipo zije siku za jua na kiu.

Moyo nao una jambo kama hilo. Tabibu Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, aliandika kuwa moyo hulishwa na mishipa ipitayo ndani ya mwili wa moyo wenyewe. Mshipa huo ukiziba, nyama hufa. Na ajabu ni kuwa damu inaporejea, nayo huweza kujeruhi.

Mwaka 1986, Murry, Jennings na Reimer wa Marekani waliubana mshipa wa moyo wa mbwa dakika 5 mara 4, wakiuachia kila mara, kisha dakika 40. Sehemu iliyokufa ilikuwa kama robo ya ile ya mbwa wasiozoeshwa.

Lakini majaribio makubwa ya kuwakinga wagonjwa kwa kuwabana mkono na kuuachia, yaliyotangazwa 2015 na 2019, hayakuleta faida iliyotarajiwa. Basi mtu asijidanganye kuwa maumivu ya kifua yanauzoesha moyo wake. Kifua kikibana, kimbilia hospitali. Dar es Salaam iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambako mishipa iliyoziba huzibuliwa.

Subira ni kwa msiba usioepukika. Mlango wa tiba ukiwa wazi, kuchelewa si subira. Wallahu aalam.