Neno la Herufi Tatu

Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililotoka mwaka 1989, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote ni "set". Kitenzi hicho kina maana zaidi ya 400: kuweka, kutega mtego, kutunga mtihani, jua kutua.

Nilipokuwa mwalimu kijana nilimfundisha mtoto mmoja maana moja tu, kuweka. Alipoandika "jua liliweka", nikamchapa. Asubuhi ile ile alikuwa amepiga deki, akapiga kengele, kisha akanipigia magoti kuomba radhi. Wala hakuna aliyemchapa ili ayajue matumizi hayo. Laiti ningalianzia kwenye neno "piga", alilolijua tangu nyumbani, angalielewa bila fimbo.