Mgongo Wazi Kwetu, Bondo China

Sheria ya Fedha ya 2023 ilipowatoza ushuru samaki wanaoagizwa kutoka nje, jina la China lilirudi tena vinywani mwa wachuuzi wa Homa Bay na Kisumu. Kuna waliofurahi kwamba Ziwa Victoria limepata mtetezi. Mama wa kibandani, anayenunua samaki wa China kwa katoni ili auze kwa sahani, alijua kwamba ushuru huo utamwangukia yeye na mteja wake. Ubishi huu una historia ndefu, na nusu yake husahaulika kila unapozuka.

Tuanzie Takawiri, kisiwa kidogo karibu na kile cha Mfangano, katika Kaunti ya Homa Bay. Wageni wanakijua kwa mchanga wake mweupe, lakini wenyeji wanaishi kwa samaki. Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi huwasha taa juu ya maji ili kuwavuta omena. Zamani walitumia karabai, siku hizi wengi wana taa za sola. Alfajiri, omena huanikwa juani. Mbuta naye, ambaye Watanzania humwita sangara, hupakiwa kwenye mashua kuelekea bara.

Mbuta si mwenyeji wa ziwa hili. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wa ukoloni, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala maji na kuwamaliza samaki wadogo wengi, wakiwemo fulu wa aina nyingi. Viwanda vya minofu vikajengwa Kisumu. Soko la Ulaya likafunguka, likafungwa mara kadhaa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa hofu ya vijidudu na sumu, kisha likafunguka tena.

Minofu ikipanda ndege, kiwandani hubaki kichwa na mifupa. Hapo ndipo ulipozaliwa mgongo wazi, chakula cha mabaki hayo. Mtaa wa Obunga, Kisumu, umeishi kwa biashara hiyo miaka mingi. Mifupa huletwa ikiwa bado na nyama kidogo ubavuni, hukaushwa, kisha hutumbukizwa kwenye karai la mafuta yanayochemka. Jua likizama, mvuke wa karai hutanda kando ya barabara. Mteja huchagua kipande kwa jicho, mchuuzi hukikunja ndani ya gazeti, na kijana aliyetoka mjengoni hula akiwa amesimama, akianza na kichwa kwa sababu ndicho chenye utamu. Ni chakula kitamu chenye heshima yake, ingawa kilianza kwa sababu sehemu nono ilikwenda kwingine.

Kuna sehemu nyingine ya mbuta inayokwenda mbali zaidi. Ndani ya tumbo, chini ya uti wa mgongo, kuna mfuko wa hewa unaomsaidia samaki kuelea. Wavuvi huuita bondo. Mpasuaji stadi huuchomoa polepole bila kuutoboa, huusafisha utando na damu, kisha huukausha hadi ugeuke rangi ya kaharabu. Zamani mabondo hayakuwa na thamani kubwa hapa. Leo hununuliwa kwa bei inayoipita minofu kwa mbali, na mengi huishia China na Hong Kong. Katika barabara ya Des Voeux Road West, Hong Kong, kuna mtaa mzima wa maduka ya vyakula vikavu vya baharini, na mabondo huuzwa humo pamoja na majongoo bahari na mapezi ya papa. Hupikwa supu ya karamu na ya wazazi waliojifungua.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, biashara ikageuka upande wa pili. Perege waliofugwa kusini mwa China wakaanza kufika kwa wingi wakiwa wamegandishwa, wametolewa magamba na kupangwa kwa ukubwa. Hawakuja kuvamia soko lililojaa. Mavuno ya ziwa yalikuwa yamepungua, magugumaji yalikuwa yakiziba fuo, na samaki wa hapa alikuwa amepanda bei. Katoni ya China iliziba pengo hilo.

Ndipo ukaja mwezi wa Oktoba 2018. Akizungumza na wafanyabiashara wadogo katika Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta alitamka hadharani kwamba samaki wa China wazuiwe, na akawahimiza maafisa wake watafute njia ya kufanya hivyo. Kando ya ziwa watu walishangilia. Uvumi kuhusu kemikali ndani ya samaki hao ukaenea kasi. Wachina nao hawakunyamaza: ubalozi wao Nairobi ulilalamika, na magazeti yakaanza kuandika kuhusu vita vya kibiashara. Wakati huohuo, Kenya ilikuwa ikitafuta fedha za China za kuifikisha reli ya SGR hadi Kisumu. Mwezi uliofuata, Rais alikuwa Shanghai kwenye maonyesho makubwa ya biashara. Zuio halikudumu, na katoni zikaendelea kuingia. Reli nayo, ilipozinduliwa awamu iliyofuata mwaka 2019, iliishia Naivasha.

Tangu hapo, ufugaji wa samaki katika vizimba umepanuka Homa Bay na Siaya, na ushuru wa 2023 ukaongezwa juu ya mzigo wa mwagizaji. Hatua hizo zina faida yake, lakini hazijagusa kiini cha jambo.

Tumekuwa tukimlaumu mgeni kwa kutuuzia samaki, huku sisi wenyewe tukishindwa kumtunza samaki wetu. Kenya ina takribani asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, na sehemu hiyo ndogo imeelemewa na nyavu za macho madogo na maji taka ya miji. Mvuvi wa kisiwani akikosa barafu, humuuzia dalali kwa bei yoyote kabla samaki hajaharibika. Mabondo yanayouzwa ghali ng'ambo huondoka ufuoni mikononi mwa madalali, na mvuvi aliyeyavua hajui bei yake ya mwisho. Serikali ya Kaunti ya Homa Bay ingeanza na barafu, mahali safi pa kukaushia, na bei ya bondo inayotangazwa wazi kwa vikundi vya usimamizi wa fuo. Bila hayo, tutapiga marufuku katoni za China leo na kuzinunua kesho, na mvuvi wa Takawiri hatapata nafuu yoyote.