Kupokea Wimbo: Adabu ya Ngoma kwenye Njia ya Ujiji

Neno ngoma katika Kiswahili ni chombo kilichowambwa ngozi, ni uchezaji wake, na ni mkusanyiko wenyewe wa watu. Katika Kirundi, ingoma ni chombo na pia ni ufalme. Maana hizi mbili hukabiliana Mwandiga, kaskazini ya mji wa Kigoma, ambako barabara itokayo ziwani huelekea Kasulu na Manyovu, mpakani mwa Burundi. Kiha cha wenyeji ni jamaa wa karibu wa Kirundi. Guthrie aliziweka lugha zote mbili katika kundi la D60.

Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Ndani yake mna swali la adabu: nani ana ruhusa ya kugusa ngoma?

Jibu la Kiswahili limehifadhiwa katika kitenzi kupokea. Mgeni hupokewa mzigo mlangoni. Naye akifika ngomani hupokea wimbo, yaani huungana na waitikiaji. Utaratibu ni huo: kwanza kiitikio na makofi, kisha kuingia uwanjani, na fimbo ya ngoma hushikwa pale tu mpigaji anapoitoa kwa hiari yake. Anayeidaka huonekana hana adabu, hata awe fundi kiasi gani. Wala haanzishi wimbo wake kabla mwimbishaji hajamaliza wa kwake.

Adabu ya namna hii iliufaa mno mji kama Ujiji. Burton na Speke walipoufikia Februari 1858, ulikuwa tayari kituo cha misafara ya kutoka pwani, na watu wasio na lugha moja ya mama waliweza walau kuitikia pamoja. Beni, iliyozuka pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kuenea hadi bara, ilishika njia nyingine: Marini na Arinoti walikuwa na vyeo vya kijeshi, na mtu alicheza kwa cheo chake. (Ranger, katika kitabu chake cha 1975, aliyaona mengi zaidi ya mwigo hapo.)

Ng'ambo ya mpaka, ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014. Oktoba 2017 amri ya rais ikawakataza wanawake kuipiga, na maonyesho yakahitaji kibali cha wizara. Kilichokuwa mwiko kikawa sheria, na ruhusa ikahama kutoka mkononi mwa mpigaji hadi ofisini.