Askari wa Hiari au wa Mkataba?

Sisi tulioko Kigongo, kando ya Ghuba ya Mwanza, twaona yafaa kulipima upya istilahi "askari wa hiari", ambayo wafasiri wa historia huwapa Waafrika waliotumikia jeshi la Wajerumani.

Mwaka 1889 Hermann Wissmann aliandikisha mjini Kairo Wasudani wapatao 600, wengi wao wakiwa wameachishwa katika jeshi la Misri. Walikuja kwa mkataba na mshahara, tena na maneno yao. Ombasha ni Kituruki, yaani mkuu wa watu kumi. Juu yake shaushi. Na juu zaidi efendi, ambaye ndiye mzazi wa "afande" wetu. Sare nayo ilifuata mtindo huohuo: nguo za kaki na tarbushi, ambayo safarini ilifunikwa kitambaa cha kaki. Baadaye Wanyamwezi na Wasukuma wakavikwa vivyo hivyo. Rugaruga walipigana upande uleule, lakini wengi walivaa nguo zao wenyewe. Na mpagazi, aliyebeba chakula na risasi za wote, hakuwa na cheo wala kofia.

Waingereza walipoiteka Mwanza Julai 1916, tarbushi ya Mjerumani ikaondoka, na ombasha akampisha koplo. Afande akabaki.

Kwa maoni yetu, aliyevaa sare kwa mshahara aitwe "askari wa mkataba". Mpagazi aliyekamatwa kijijini kwake, neno "hiari" lisimguse kabisa.