Mamlaka ya Kusoma

Dadangu alipofuzu mwaka jana, tulikaa juani tangu saa mbili asubuhi tukingoja zamu ya kitivo chake. Hatimaye mkuu wa chuo akasimama na kusoma yale maneno ya Kiingereza ambayo kila mtu aliyewahi kuhudhuria mahafali Kenya ameyasikia: kwamba kwa mamlaka aliyopewa, anawatunuku digrii, pamoja na mamlaka ya kusoma na kufanya yote yanayoambatana nayo. Kofia zikavaliwa. Vigelegele vikapasuka. Mama, aliyekuwa ameshika shada la nailoni linalometameta, akaniinamia.

"Amesema nini?"

"Amewapa mamlaka ya kusoma."

"Kwani miaka minne alikuwa akifanya nini?"

Nilicheka, lakini swali lilinikaa. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo hakuna aliyewahi kunisomea maneno hayo. Na bado ndiyo yanayonilisha. Kazi inayolipa kodi yangu ya nyumba ni kuandika sifa za watu wanaopokea tuzo: kampuni inataka kumpongeza meneja wake, mimi nalipwa kwa aya. Nimeandika "in recognition of" mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Basi usiku ule, badala ya kulala, nikaanza kuyachimba hayo maneno moja moja.

"Award" ni neno la kesi. Liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha Wanormani, maana yake kuamua baada ya kuchunguza kwa makini, na ni ndugu wa "guard" na "warden". Aliyetoa "award" hakuwa na maua mkononi, alikuwa mwamuzi. Hata leo hapa Kenya, uamuzi wa msuluhishi kwenye mzozo wa kibiashara huitwa "award", hata kama wewe ndiye umeamriwa kulipa mamilioni. Hongera zako.

"Prize" nayo ilikuwa "price" tu, bei, kabla tahajia hazijatengana. "Praise" iko kwenye ukoo huohuo. Lakini iko "prize" nyingine, ile meli ya adui inayotekwa baharini wakati wa vita, na hiyo ilitoka kwenye neno la Kifaransa la kukamata. Maneno mawili tofauti yakaishia kuvaa shati moja.

"Trophy" ndiyo iliyonishika zaidi. Wagiriki wa kale, adui akigeuka kukimbia vitani, walisimika nguzo palepale alipogeukia, wakaivika ngao na silaha walizomnyang'anya. Neno lenyewe limetokana na huko kugeuka. Nilikumbuka kombe la mpira lililokuwa kwenye kabati la mwalimu mkuu shule ya msingi, vumbi tele, na sisi tukilichungulia dirishani. Ati hiyo ilikuwa nguzo ya watu waliokimbia.

Wazungu walipokuja kuwinda huku, vichwa vya nyati na pembe za ndovu walizotundika ukutani wakaziita "trophies". Kenya ilipiga uwindaji marufuku mwaka 1977, lakini neno halikuondoka na bunduki. Sheria ya wanyamapori ya 2013 bado inalitumia. Mtu akinaswa na pembe za ndovu kwenye buti la gari, hilo ndilo neno litakalokuwa kwenye mashtaka. Na magazeti ya Kiswahili, hasa ya Tanzania, huandika "nyara za serikali". Aliyetafsiri hivyo alijua alichokuwa akifanya. Nyara ni mali ya vita.

Heshima za taifa ni hadithi nyingine. Mwaka 1917 Waingereza walianzisha nishani ya himaya yao, na daraja zake za chini ni Commander, Officer na Member: CBE, OBE, MBE. Sasa tazama nishani yetu ya Burning Spear: Chief, Elder, Moran. CBS, EBS, MBS. Machifu na wazee wamechukua viti vya makamanda na maofisa, moran wa Kimaasai akapewa kile cha Member, lakini ngazi ni tatu na herufi ni tatu. Nenda mazishi yoyote ya mtu mkubwa usikie MC akihangaika na hizo herufi. Akiruka moja, kuna mtu kwenye hema ya mbele atanuna hadi chakula.

Neno nishani lenyewe si la Mwingereza. Ni la Kiajemi, maana yake alama, na Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa na nishani yake ya nyota tangu 1875.

Halafu kuna tuzo. Hili naona tumelichosha kwa kulibandika kila mahali, pamoja na zile hafla ambapo unapigiwa simu kuambiwa umeteuliwa, kisha unaombwa ulipie meza. Asili yake ni kutuza. Mtu anacheza ngoma vizuri, au bibi harusi ametolewa nje, wewe unainuka na noti yako unaenda kumpa. Kwenye taarabu utasikia wakisema kutunza. Hapo hapana jopo, na hakuna anayesimama kutaja mamlaka aliyopewa. Umefurahi, umeinuka. Wangari Maathai alipopata habari ya Nobel mwaka 2004, alikuwa njiani kuelekea Nyeri, na alichofanya ni kupanda mti. Redio zilisema ametuzwa. Nadhani kwake neno lilitosha.

Nimeacha "confer" mwisho kwa sababu ndilo mkuu wa chuo alilotumia. Kilatini, "conferre" ni kuleta pamoja. Pia ni kuchanga, hata kuchanga pesa.

Hapo nikafunga kompyuta.

Nilipoitwa chuo, nyumbani walinifanyia harambee. Mama bado ana daftari. Mwalimu mstaafu, 1,000. Mama wa mboga, 200. Jogoo mmoja alinadiwa mara tatu, kila aliyemnunua akimrudisha anadiwe tena. Majina yamejaa kurasa nne, kwa mwandiko wa mjombangu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuniuliza pesa zilienda wapi. Nikikutana na mama wa mboga, huniongezea nyanya.

Siku ile ya dadangu, muuzaji wa mashada langoni hakuwa na chenji, kwa hivyo mama alichukua mawili. La kwanza alimvisha dadangu. La pili likazunguka mikononi mwake wakati wa picha, mpaka akachoka kulibeba.

"Shika hii," akasema, akanitupia shingoni.

Tukielekea barabarani kutafuta matatu, mzee mmoja nisiyemjua alisimama akanipa mkono, akautikisa kwa nguvu. "Hongera sana, kijana. Umesomea nini?"

Mama alikuwa kando yangu, akitazama matatu.

Nilisema asante.